Gauni la Ahadi

Kila asubuhi, kabla hajavua viatu wala kufungua dirisha, fundi aligeuza kioo.

Kilikuwa kioo kirefu cha fremu ya mbao, kimeegemezwa ukutani katika chumba cha nyuma cha duka la magauni ya harusi. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, umewekewa gazeti lililokunjwa. Fundi alikishika mabegani kama mtu anayemgeuza mgonjwa amlaze ubavu, akakizungusha polepole mpaka mgongo ukatazama chumba na uso ukatazama ukuta. Hapo ndipo alipovua viatu, akavaa ndala, akapangusa cherehani na kukaa. Ukimuuliza, alisema mwanga wa kioo humwingia machoni anapotunga uzi. Dirisha lilikuwa upande wa pili kabisa, lakini hakuna aliyembishia.

Dukani walimwita Bonge. Alikuwa mwanamke mkubwa, hilo halikuwa na ubishi: mikono minene, kifua kipana, nyonga ambazo kila kiti cha plastiki kilizilalamikia. Cha kwanza kilipasuka, kilichofuata kikavunjika mguu, basi mwenye duka akamnunulia benchi la mbao, akaliingiza mbele ya wateja huku akisema, "Hili hata tembo atakaa." Watu wakacheka. Bonge naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana alishajifunza kwamba ukiwahi kucheka wewe, kicheko cha wengine hakichomi sana.

Siku yake ya kwanza kazini alikuwa amekalishwa mbele, karibu na dirisha la barabarani, ili wapita njia waone fundi akishona. Akaingia mchumba wa watu na shangazi yake. Yule shangazi alimtazama Bonge kuanzia juu hadi chini, akarudi tena juu, akamuuliza mwenye duka, "Huyu ndiye atakayemshonea mtoto wetu? Asije akatutolea hema."

Mwenye duka, ambaye wote walimwita Madamu, alicheka mpaka akajifuta machozi. Mchana wa siku hiyo hiyo cherehani ilihamishiwa nyuma, likatundikwa pazia zito la zambarau, na Bonge akaambiwa, "Huku utatulia, mama. Mikono yako naihitaji. Mwili wako ndio unanifukuzia wateja." Aliyasema bila ukali wowote, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Tangu hapo Bonge aliingia kwa mlango wa uani na kutoka kwa mlango wa uani. Ule mlango wa mbele, wenye kengele ndogo inayolia mteja anapousukuma, aliusikia tu.

Nyuma ya pazia walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa mtia shanga, mwembamba kupindukia, na kwa sababu hiyo aliitwa Sindano. Huyu alivaa sketi mbili, moja juu ya nyingine, ili naye aonekane ana nyonga. Majirani walimpa pole kila siku kana kwamba ametoka hospitali.

"Mwenzangu," Sindano alipenda kusema, "tungetiwa kwenye sufuria moja tukakorogwa, wakatugawa upya, wangepatikana wanawake wawili wasio na kasoro."

"Wangepatikana," alijibu Bonge, pini zikiwa mdomoni. "Halafu watu wangehamia kwenye pua."

Na kule mbele dirishani alisimama mtu wa tatu, yule sanamu wa kuvalishwa magauni: kiuno cha nyigu, shingo ndefu, kichwa hakuna. Wenyewe walimbatiza Mke Mwema. "Hali, hasemi, na kichwa hana," Sindano alieleza. "Ndiyo maana kila mtu anampenda."

Sasa, duka hilo lilikuwa na mtindo wake, na mtindo huo ndio uliolipa jina mjini. Madamu hakushona gauni la mwili ulio nao. Alishona gauni la mwili uliouahidi. Bibi harusi akija, Madamu alimpandisha kwenye kijukwaa mbele ya kioo kikubwa, akampima kifua, kiuno na nyonga, akivitaja vipimo kwa sauti ili kila aliyeketi kwenye makochi asikie. Kisha alishusha futi ya kupimia na kuuliza kwa upole, "Sasa bibie, hicho ndicho kiuno unachotaka kumpelekea mumeo?"

Nani angejibu ndiyo mbele za watu? Hapo Madamu alipaza sauti kuelekea kwenye pazia: "Fundi! Toa vidole vinne!" Na gauni likashonwa dogo kwa vidole vinne kuliko mwenye gauni. Hilo ndilo gauni la ahadi. "Gauni halikufuati wewe," Madamu aliwaambia. "Wewe ndiye utalifuata."

Na kweli walilifuata. Waliacha wali, waliacha mkate, walipanda ngazi mbio kama wanaokimbizwa na polisi. Walipokuja kujaribu mara ya kwanza, zipu iligoma chini kabisa ya mgongo. Waliporudi tena, ilipanda mpaka katikati. Siku ya mwisho ilifika juu: mwanamke akalia, mama yake akashangilia, Madamu akafungua soda. Shangwe ilipenya pazia ikamkuta Bonge ameinamia kazi yake, anatabasamu peke yake.

Maana siri ya ile zipu ilikuwa kwake. Gauni alilishona dogo, ndiyo, lakini ndani ya mishono ya ubavuni, chini ya bitana, alikunja na kuficha kitambaa cha akiba, upana wa vidole vilevile vilivyotajwa. Mteja akishaondoka, Bonge alichukua wembe, akafumua mshono, akauachia kidogo, akaushona upya. Kabla ya siku ya mwisho aliachia kilichobaki. Satini, lakini, haifichi kitu. Sindano ya cherehani ikishapita, vitundu vinabaki. Basi mtia shanga alishusha mstari wa shanga kila ubavu, kuanzia kwapani hadi nyongani, ukafunika vitundu vyote. Watu waliupenda mno mstari ule. Wakauona mahali popote, walijua gauni limetoka wapi.

Mwanamke alirudi na mwili wake uleule, pengine amepungua kiasi cha jani na amechoka kiasi cha punda, na gauni likamkaa. Kwa Bonge hiyo ilikuwa sadaka yake ya siri. Angalau kuna mahali hapa duniani, alijiambia, ambapo nguo ndiyo inayomfuata mtu.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka zamu ikamfikia mdogo wake.

Huyu alikuwa mtoto wa mwisho, kitinda mimba, na jina la Kitinda lilimganda hadi ukubwani. Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa bado ananyonya kidole, na Bonge ndiye aliyemsuka nywele, aliyempeleka shule, aliyemshonea sare. Alikua akatoka dada yake mtupu: mabega yaleyale, nyonga zilezile, kicheko kilekile cha kutikisa vikombe kabatini. Sasa alifanya kazi zahanati, msaidizi wa muuguzi, na alikuwa amechumbiwa na fundi friji mmoja mpole ambaye hakuficha alivyompenda. Alikuwa amekwenda pale kutengeneza friji ya dawa, akamwona Kitinda akimnyanyua mgonjwa peke yake na kumlaza kitandani bila hata kuhema. "Mimi nabeba mafriji," alisema. "Nikiona nguvu naijua."

"Nitakushonea hapa hapa nyumbani," Bonge alimwambia mdogo wake siku posa ilipokubaliwa. "Kitambaa nachagua mwenyewe."

"Nyumbani? Hapana, dada. Mimi nataka gauni la ahadi." Kitinda alijishika kiuno kwa mikono miwili, akajibana mpaka vidole vikawa vyeupe. "Yule dada wa maabara aliingia. Binti wa jirani aliingia. Wote wanaingia! Nami siku moja nataka nisimame mbele za watu waseme, ala, kumbe anaweza."

"Anaweza nini?"

"Kujizuia."

Bonge akajisemea, mwache aje. Nitamwachia kama ninavyowaachia wengine, atafurahi, yataisha.

Siku ya kupimwa, alikaa nyuma ya pazia na kusikia vipimo vya mdogo wake vikitajwa kimoja kimoja. Na kwa kuwa mwili ulikuwa mmoja, ilikuwa kama vinatajwa vyake. Kochini mtu akapiga mluzi mdogo. Halafu sauti ya Madamu: "Fundi! Toa vidole sita!"

Sindano akainua uso. Sita havikuwahi kusikika dukani humo.

Nyumbani, sufuria ikaanza kurudi jikoni kama ilivyotoka. Kitinda alikunywa maji ya moto na kutafuna matango, akalala mapema ili asisikie tumbo. Mashavu yakaanguka, ila nyonga zikakaa palepale, kwa sababu zilikuwa mifupa na urithi, wala hazikuwa deni la mtu. Kicheko cha kutikisa vikombe kikapotea ndani ya nyumba, na ukimya wake ulisikika kuliko kelele.

Kisha alasiri moja fundi friji akamleta akiwa amemshika kiunoni. Alikuwa ameanguka zahanati na trei ya dawa mikononi.

"Shemeji, mwambie wewe," kijana alisema mlangoni, kofia yake ikizunguka vidoleni. "Mimi nikimwambia ni mzuri, anasema namfariji. Nikinyamaza, anasema umeona, hata wewe umekubali. Sasa nishike wapi?"

Alipoondoka, Bonge alimwekea mdogo wake sahani mezani, akakaa mbele yake.

"Kula. Gauni litakutosha, nitaliachia. Wote huwa nawaachia."

Kitinda alicheka kwa taabu. "Dada, wewe ungesema lolote ili nile."

"Nakwambia ukweli. Hakuna hata mmoja aliyepungua."

"Yaani mji mzima umedanganyika, unayejua ni wewe peke yako?" Alisukuma sahani. "Nisikilize. Ukiachia hata uzi mmoja kwenye gauni langu, sitakusamehe. Wenzangu waliingia kwa jasho lao. Wewe hukujaribu kabisa, dada. Walikuweka nyuma ya pazia ukakaa, wakakuita Bonge ukaitika. Mimi siwezi."

Bonge aliifunika sahani kwa sahani nyingine, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Kuitwa mwoga alikuwa amekuzoea. Lililomchoma ni lile neno moja, wenzangu waliingia. Kila zipu aliyoipandisha kwa siri, akidhani anamfuta mwanamke machozi, ilikuwa imegeuka fimbo, na fimbo zote zile sasa zilikuwa juu ya mgongo wa mtoto aliyemlea mwenyewe.

Kesho yake aliwahi dukani. Kioo hakukigeuza. Alipita moja kwa moja hadi kwenye pazia, akalifungua kidogo, akamkuta Madamu anakunywa chai karibu na Mke Mwema.

"Madamu, kuna jambo. Gauni la mdogo wangu. Naomba tulishone upya kwa kipimo chake, na aambiwe hivyo."

Madamu alipuliza chai. "Utaliachia siku ya mwisho, kama kawaida yako. Kwa sasa mwache atoke jasho kidogo. Ndio utamu wenyewe."

Bonge alihisi sakafu imeteleza. "Kama kawaida yangu? Kumbe unajua?"

"Mama, vitambaa vya humu nanunua mimi. Unadhani ile akiba yako inashuka kutoka mbinguni?" Madamu alitabasamu, tena kwa upendo wa kweli kabisa, na hilo ndilo lililotisha. "Wewe una moyo mwema, mimi nina duka. Tunaelewana. Mwanamke ukimpa gauni la saizi yake atakwambia asante, basi. Mpe lililomtesa, atalisimulia mpaka kwa wajukuu."

Bonge akarudi kwenye benchi lake. Siku nzima mguu wake ulikanyaga cherehani, lakini alishona mshono mmoja mara nyingi akiufumua, kama mtu anayesaka neno.

"Una nini?" Sindano aliuliza.

"Nilidhani naiba," alisema Bonge. "Kumbe nilikuwa natumwa."

Gauni la Kitinda hakuligusa. Lilining'inia kwenye ndoano, jeupe, limebana kwa vidole vyake sita, na kila alipopita alilipisha.

Siku ya kujaribu mara ya mwisho ikaangukia Jumamosi, na Jumamosi duka lilijaa. Kabla ya Kitinda alitangulia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mnene mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima. Zipu yake ilipanda hadi juu. "Imefika!" alipiga kelele. "Mama, njoo uone, imefika!" Mama yake akamkumbatia, waliokaa kwenye makochi wakapiga makofi, soda ikafunguliwa.

Makofi yalikuwa hayajaisha wakati Kitinda anapanda kijukwaa. Nyuma ya pazia Bonge alisikia zipu ikianza, ikikwama, ikirudi chini, ikianza tena. Duka likanyamaza polepole, jinsi watu wanavyonyamaza mtu akivua kiatu na soksi ikawa imetoboka.

"Labda bibie hukujitahidi," sauti ya Madamu ilisema, na ndani yake kulikuwa na mshangao, maana alitegemea gauni limeshaachiwa.

"Nimejitahidi."

"Mbona mwanangu ameweza?" alisema mama wa mwalimu, bila ubaya, furaha tu ilimzidi.

"Nimejitahidi jamani," Kitinda alirudia, na sauti ikapasuka katikati. "Tangu jana sijatia kitu mdomoni. Sijui nina kasoro gani mimi."

Sindano aliacha sindano hewani. Akamtazama mwenzake. "Nenda," alisema.

Bonge aliinuka, benchi likalia. Alikuwa na ndala miguuni, chaki mashavuni, futi shingoni. Alilishika lile pazia la zambarau, na badala ya kulifungua upenyo wa kupitisha gauni kama siku zote, akalivuta mpaka pete zote zikagongana upande mmoja.

Watu waligeuka. Mwanga wa dirisha la mbele ulimmulika mwili mzima. Akasikia mtu akinong'ona, "Huyu nani?" na mwingine, "Lo, mama huyu!" Hakumtazama Madamu wala mdogo wake. Alikwenda kwa mwalimu.

"Hongera, mwalimu. Gauni limekukaa. Naomba ruhusa nilifumue kidogo hapo ubavuni, nilirudishe sasa hivi."

"Fundi!" Madamu aliita.

"Kwa nini ulifumue?" mwalimu aliuliza.

"Kuna kitu chako humo. Nataka ukione mwenyewe."

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi asiyewahi kunyoosha kidole. Akainua mkono wake, akatoa ubavu. "Fumua."

"Sindano! Njoo utoe shanga."

Sindano akatoka mbio na sketi zake mbili, akapiga goti, akakata uzi. Shanga zikateleza kiganjani mwake. Na pale zilipokuwa, satini ikaonyesha mistari ya vitundu vidogo kama nyayo za siafu, ikishuka mmoja kando ya mwingine, na mshono wenyewe ukiwa mbali pembeni.

"Hapa ndipo gauni lilipoanzia," Bonge alisema, kidole chake kikigusa mstari wa kwanza. "Siku zipu ilipokwama chini. Hapa ni uliporudi, ikafika katikati. Na mshono huu wa leo. Ni mimi nililiachia. Gauni ndilo lililokufuata wewe, mwalimu. Wewe hukwenda popote."

Mwalimu aliinama, akapapasa vitundu, akahesabu kwa midomo bila sauti. "Kwa hiyo mimi sikupungua?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwalimu."

"Na matango yote yale? Nimetafuna matango mpaka nikaota nafuga sungura!"

"Mimi nami nilikuwa namfichia mkate," alisema mama yake, mkono mdomoni.

"Nilijua ulipouficha, mama. Nilikuwa nauiba." Kifua cha mwalimu kikaanza kutikisika. "Nikawa najiuliza, jamani, mkate naula, zipu inapanda, huu ni muujiza gani!" Akaangua kicheko, mama yake akakidaka, kikaenda kwenye makochi kama moto kwenye majani makavu. Mwanamke mmoja aliyekuja kumsindikiza mwenziwe alikuwa ameolewa akiwa amevaa gauni la duka hilo hilo. Alishika mbavu zake, mahali shanga zilipopita siku ile, akasema kwa mshangao, "Mimi nilianguka kanisani kwa njaa. Nikaambiwa ni furaha."

"Wote?" Sauti ilitoka juu ya kijukwaa, ndogo. Kitinda alikuwa amejishika gauni kifuani lisimvuke. "Dada, ni kweli wote?"

"Wote, mdogo wangu."

"Na yule dada wa maabara?"

"Vidole vitano."

"Vitano! Na alivyonitambia kazini!" Na hapo kicheko chake kikarudi, kile chenyewe, glasi za soda zikaitikia mezani.

"Umemaliza?" Madamu alisema. Alikuwa bado ameshika futi. "Basi rudi nyuma ya pazia."

Bonge alitazama lile pazia. Kisha akamtazama mwenzake. "Sindano, shika upande wa pili wa cherehani."

Wakaitoa, mwalimu na gauni lake akishika kanyagio, mpaka kwenye dirisha la barabarani. Mke Mwema alikuwa amesimama penye mwanga. Bonge akamkumbatia kiuno chake cha nyigu, akamnyanyua kama karatasi na kumweka pembeni akitazama ukuta. Akakaa mahali pake, naye Sindano akaanza kurudisha shanga za mwalimu. Kitinda akavua gauni, akajifunga shela mwilini, akasubiri pembeni huku mama wa mwalimu akimlisha biskuti kutoka kwenye mkoba wake kama ndege. Wembe ukapita kwenye bitana, kitambaa cha akiba kikamwagika nje, vidole sita kamili, cheupe kabisa kwa kuwa hakikuwahi kuona jua. Wapita njia walisimama nje ya kioo cha dirisha. Wakaona mwanamke mkubwa anashona kwa kasi, mabega yanacheza, uso unang'aa kwa jasho. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alibandika pua kwenye kioo, akakataa kuondoka.

Gauni likavaliwa upya. Bonge mwenyewe ndiye aliyeishika zipu. Ilipanda bila kelele, kama mtu anayeingia kwake.

"Pumua," alisema.

"Napumua."

"Pumua kwa tumbo. Mpaka chini."

Kitinda akavuta pumzi ndefu, gauni likapanuka naye na kurudi naye. Alijigeuza kwenye kioo kikubwa, mbele, ubavu, nyuma. Nyonga zake zilijaza satini, satini ikazipokea. Watu walisubiri aseme neno zito.

"Nina njaa," alisema. Duka likalipuka kwa shangwe ambayo pazia lile halikuwahi kuisikia.

Katikati ya kelele, Madamu alimsogelea Bonge na kumwambia sikioni, "Tusigombane. Dirisha ni lako. Utakaa mbele kuanzia leo, watu wakuone. Wamekupenda."

Mbele ya Bonge kulikuwa na kile kioo kikubwa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi dukani humo alijikuta amejitazama. Alijitazama kama anavyotazama jora zuri kabla ya kukata. Akaona upana, akaona mng'ao, akaona kazi ngapi zingeweza kutoka humo. Hakuona pa kutoa kidole.

"Walinipenda nikiwa mbele," alisema. "Ila hata nikikaa dirishani, wewe utabaki na ile sauti yako, Madamu. Toa vidole hivi, toa vile. Sasa mtafute mwingine wa kuvitoa."

Akaenda nyuma, akavaa viatu. Kioo cha mguu mbovu kilikuwa kinatazama chumba, kama alivyokiacha. Akakirekebishia gazeti lake kisiyumbe. Akachukua mkasi wake, wa kwake mwenyewe, na futi akaiacha shingoni. Alipotoka, Sindano alikuwa anavua sketi ya juu. Aliizungusha hewani mara moja, akamvisha Mke Mwema begani. "Tunza, bibie. Wewe ndiye unayekonda."

"Fundi," mwalimu aliita, "nina wadogo zangu, nao ni wanene kama mimi. Unashonea wapi?"

"Nyumbani kwangu. Waambie waje wameshiba."

Kitinda alimpa mkono, gauni likiwa limekunjwa begani kama mtoto aliyelala, na mdomoni biskuti. Bonge akaenda mpaka kwenye ule mlango wa mbele ambao miaka yote aliusikia tu. Ulikuwa mpana kuliko alivyodhani. Alipita bila kujipinda, bila kuvuta tumbo ndani, na kengele ikalia juu ya kichwa chake. Barabarani jua lilikuwa limesimama wima. Alichanganyika na watu, bega kwa bega na mdogo wake, akicheka, na hakurudi tena.